Shilingi ya Waziri wa Afya

Siku hizi waziri akifungua mdomo bungeni, ghala linasikia. Zamani haikuwa hivyo. Zamani waziri alisimama, akaahidi zahanati, akapigiwa meza, akaenda kula, na zahanati ikabaki hewani miaka kumi. Watu wakachoka. Wakachoma magari, wakachoma na jengo la wizara moja, ndipo ikatungwa Sheria ya Kauli: neno lolote atakalosema waziri akiwa amesimama ndani ya ukumbi ni amri, na mashine iitwayo Kauli inalitekeleza kabla hajaketi. Hakuna barua, hakuna njoo kesho. Taa ya dari ikiwaka kijani, mzigo umeondoka.

Gaudensi Mkinga aliipigania sheria hiyo akiwa bado fundi wa matrekta. Alipanda juu ya boneti na kupiga kelele mpaka sauti ikakauka, na kelele hizo ndizo zilizomfanya awe Mbunge wa Ilolanga. Leo, mwaka wa saba tangu sheria ipite, alikuwa amekaa kantini ya Bunge mbele ya chai iliyopoa, akimsikiliza Tunu Mbaraka akimweleza kwa nini asiulize alichokuja kuuliza.

Tunu alikuwa ofisa wa Wizara ya Afya na kazi yake ilikuwa moja tu, kupima sentensi. Kabla waziri hajasema kitu bungeni, Tunu anakiingiza kwenye kishikwambi chake na kuangalia: hiki kikisemwa, kitavuta nini, na kitakivuta kutoka wapi.

"Mheshimiwa, mwaka huu Waziri wangu amejibu maswali mia nne na kumi," alisema Tunu. "Unajua mangapi yamewasha taa?"

"Sijui."

"Matatu. Mengine yote tumemwandikia 'Serikali imelipokea' na 'mchakato unaendelea.' Maneno hayo Kauli inayaruka. Hayana cha kutekeleza."

"Kwa hiyo mmerudi kule kule."

"Tumerudi kule kule. Zamani tulikuwa tunadanganya, sasa tunaogopa."

Gaudensi alicheka bila furaha. "Mimi sitaki mchakato. Nataka vichujio."

Tunu alijua anachosema. Nchi nzima ilijua. Joto la Ilolanga lilikuwa limefika mahali ambapo mkata miwa wa miaka thelathini anakojoa damu, na akifika thelathini na tano figo zake zimekuwa mawe. Serikali ikaleta mikanda ya figo, pampu ndogo inayofungwa kiunoni na kusafisha damu mtu akiwa kazini. Mkanda unadumu miaka, lakini ndani yake kuna kichujio kama sahani ya kikombe, nacho kinakufa baada ya siku kumi. Vichujio vinatengenezwa na kiwanda kimoja tu. Ilolanga ilikuwa na watu mia mbili na sita wenye mikanda, na tangu masika haikuwa imepata kichujio hata kimoja kipya.

Na kulikuwa na jambo jingine, ambalo Gaudensi hakupenda kulisema. Vichujio vilipoanza kuchelewa, watu walimwendea yeye, kwa sababu alikuwa mbunge na pia alikuwa fundi. Akawaambia kichujio ni kichujio. Akawaonyesha jinsi ya kukipuliza kwa kompresa ya gereji na kukiosha kwa maji ya moto, kama cha trekta. Wakamwamini. Watu watano walishikwa na homa wiki ile, wakatetemeka kama wamekaa juu ya injini, na wote watano wakazikwa. Hakuna aliyemlaumu. Hilo ndilo lililomkosesha usingizi, kwamba hakuna aliyemlaumu. Waliobaki waliacha kuosha, wakawa wanavaa kichujio kile kile kilichochoka, nusu ya damu inasafika, nusu haisafiki. Mmoja wao alikuwa dada yake, Adelina, aliyevimba miguu mpaka akawa anatembea na malapa ya mumewe.

"Nitamuuliza jioni hii, kwenye vifungu," Gaudensi alisema. "Asiponijibu kwa taa, nashika shilingi ya mshahara wake, bajeti isipite."

Tunu akaweka kikombe chini. "Uliza, lakini shilingi usishike."

"Ni haki yangu kwa Kanuni. Marehemu Bushiri alinifundisha mwenyewe."

"Bushiri alikufundisha mambo ya zamani. Tangu Kauli ianze kazi, hakuna aliyewahi kushika shilingi ya waziri yeyote. Ngoja nikueleze inavyo..."

"Dada, nimeelezwa miezi mitano." Gaudensi alikuwa ameshasimama. "Asante kwa chai."

*

Alasiri Spika alishuka kwenye kiti chake kikubwa na kukaa kama Mwenyekiti wa Kamati ya Matumizi, na wabunge wakaanza kupitia bajeti ya Afya kifungu kwa kifungu. Nyuma yake, ukuta mzima ulikuwa ramani ya nchi. Juu ya ramani vidoti vyeupe vilitembea, kila kidoti droni moja ya Wizara ikiwa na mzigo wake.

Kiti cha kulia kwa Gaudensi kilikuwa kitupu. Kilikuwa cha Bushiri Namkopa, Mbunge wa Mkwezu, mtani wake, mtu aliyemfundisha lini asimame na lini ameze maneno. Alifariki mwezi wa tatu. Uchaguzi mdogo ulikuwa umeahirishwa mara mbili.

Ilipofika mshahara wa Waziri, Gaudensi alisimama.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, mimi sina maneno mengi. Watu wangu wa Ilolanga wanakufa. Waziri ameniambia mchakato unaendelea. Aliniambia Januari, akaniambia Machi, akaniambia Mei. Nataka aniambie lini mchakato huo utachoka kuendelea."

Kicheko kikazuka. Upande wa pili mtu akapaza sauti, "Fundi, chukua spana ukafungue mwenyewe!"

"Kaa chini, darasa la saba!" mwingine akaongeza.

"Ni kweli, niliishia la saba," Gaudensi alijibu bila kugeuka. "Lakini nati nikiifunga mimi, wewe na digrii zako tatu huifungui."

Meza zikapigwa. Mwenyekiti akagonga nyundo na kumpa nafasi Waziri.

Dokta Leokadia Shemhilu alisimama taratibu, karatasi mkononi. Alikuwa mwanamke mwembamba, mwenye sauti ya mtu anayemlaza mtoto. "Mheshimiwa Mwenyekiti, nampongeza Mheshimiwa Mkinga kwa jinsi anavyowapigania wananchi wake. Serikali imelipokea suala hili kwa uzito mkubwa, na mchakato wa..."

Ukumbi wote ukaguna. Taa ya dari haikuwaka rangi yoyote.

"Mheshimiwa Mwenyekiti," Gaudensi alisema, "sijaridhika. Nashika shilingi ya mshahara wa Waziri mpaka nipate jibu. Naomba wenzangu waniunge mkono."

Wakasimama, kumi, ishirini, arobaini. Wengi walikuwa wanatabasamu. Kushika shilingi ilikuwa desturi ya babu zao hapa bungeni: unashika, waziri anatoa jasho, anakubembeleza, unairudisha, mnakwenda kupiga picha nje. Hata Mwenyekiti alikuwa anatabasamu alipotamka kwamba shilingi imeshikwa.

Taa ya dari ikawaka njano.

Hakuna aliyewahi kuiona njano. Kisha mtu mmoja akaonyesha ukuta kwa kidole, na tabasamu zikaondoka moja moja. Vidoti vilikuwa vimesimama vyote, nchi nzima.

"Nini hiki?" Mwenyekiti aliuliza.

Kwenye viti vya maofisa Tunu Mbaraka alikuwa amefunika uso kwa viganja. Akaandika kikaratasi, mhudumu akakipeleka mezani, na Mwenyekiti akakisoma kwa sauti ambayo haikuwa ya Mwenyekiti tena.

"Kauli imeelewa kwamba mshahara wa Waziri ukishikwa, fungu lote la Wizara limeshikwa. Droni mia tisa na kumi na mbili zimetua zilipokuwa. Zina vichujio, zina damu, zina dawa za wazazi. Ubaridi wa masanduku hautegemei Kauli, lakini... lakini juani utadumu dakika hamsini." Akainua macho. "Nasitisha shughuli kwa dakika ishirini. Mheshimiwa Mkinga, Mheshimiwa Waziri, nendeni mkayamalize."

*

Chumba cha pembeni kilikuwa na meza, viti vinne na jagi la maji. Waziri alikaa, Tunu pembeni yake. Gaudensi alibaki amesimama, jasho likimtiririka mgongoni.

"Kaka yangu Mkinga," Waziri alisema, "rudisha shilingi."

"Nipe vichujio."

"Unaua watu, unaelewa?"

"Na wewe umekuwa ukiwaua kwa upole tangu Januari. Nipe vichujio, narudisha sasa hivi."

Dokta Shemhilu akamwashiria Tunu. Tunu aliweka kishikwambi mezani na kukisukuma mbele ya Gaudensi. Kulikuwa na sentensi moja: *Serikali itapeleka Ilolanga leo vichujio vya watu wote wenye mikanda.* Chini yake neno moja: *Inawezekana.* Chini zaidi: *Chanzo, Mkwezu.*

Gaudensi alisoma mara mbili. Kusoma kwake kulikuwa kwa polepole, lakini hapa hapakuwa na cha kukosea.

"Kwa nini Mkwezu?"

"Mashine inahitaji kujua nani ana shida zaidi," Tunu alisema. "Walioiunda walitafuta kipimo. Wakaona kipimo kizuri ni maswali ya wabunge. Jimbo linaloulizwa sana lina shida sana. Jimbo lisiloulizwa halina shida. Mkwezu haijaulizwa tangu mwezi wa tatu."

"Haina mbunge! Bushiri amekufa!"

"Mimi najua. Kauli inajua kwamba wamenyamaza, na anayenyamaza inamhesabu ameshiba. Kwake Mkwezu sasa ni jimbo lenye raha kuliko yote nchini."

"Wako wangapi?"

"Mia mbili na tisa."

Gaudensi alivuta kiti, akakaa. Alikuwa amewahi kwenda Mkwezu, wakati wa msiba. Watu walimpikia ugali wa mtama na kumwambia Bushiri alikuwa akimtaja kila akirudi nyumbani. Alijaribu kutokumbuka sura hata moja.

"Waziri, sema kiwanda kitengeneze zaidi."

"Nikisema kisichowezekana, taa nyekundu. Taa nyekundu ikiwaka, mimi si waziri tena jioni hii, na kesho mwingine atasimama pale aseme mchakato unaendelea. Kiwanda ni kimoja, kaka. Kinatoa kinachotoa."

"Basi sema nusu kwa nusu. Nusu kwangu, nusu kwao."

"Nilipima," Tunu alisema kwa sauti ya chini. "Kichujio ni cha mtu mmoja. Hakikatwi. Watakufa idadi ile ile, ila watazikwa sehemu mbili."

"Afadhali hivyo! Afadhali tugawane."

Waziri akasogea mbele. Hakuwa na hasira. Gaudensi angependa awe na hasira. "Sawa. Nitasema nusu. Lakini Kauli haipokei nusu tupu, inataka majina. Tunu anayo orodha ya Ilolanga hapa. Andika alama kwa wale watakaopata." Akaisukuma kalamu ya kishikwambi. "Adelina Mkinga ni wa kumi na saba. Anza na yeye, umweke ndani au umweke nje, halafu tuendelee."

Gaudensi alishika kalamu. Aliona jina la dada yake. Juu yake lilikuwa jina la mwanamume aliyesoma naye, chini yake jina la msichana aliyemuuzia vocha wiki iliyopita. Mkono huu ulikuwa umefungua injini bila taa, ukazifunga bila taa. Sasa haukusogea.

"Dakika kumi na tisa zimekwisha tangu zitue," Tunu alisema.

Kama angepata siku moja, huenda angeweza. Huenda angeita watu wake wakae, waamue wenyewe. Hivyo ndivyo alivyojiambia baadaye. Lakini mle chumbani hakujiambia chochote. Aliweka kalamu mezani.

"Sema ile ya kwanza," alisema.

"Ile ya Ilolanga yote?"

"Sema."

"Unajua inakotoka."

"Mama, nimesema usome!"

*

Waziri alisimama, akaisoma sentensi ile kwa sauti yake ya kumlaza mtoto, na taa ya dari ikawaka kijani. Gaudensi akasema, "Mheshimiwa Mwenyekiti, narudisha shilingi." Vidoti vikaanza kutembea. Kundi moja dogo, upande wa kusini, likageuka.

Ukumbi ulilipuka. Walipiga meza kwa viganja na kwa makabrasha. Yule aliyemwambia achukue spana alivuka ukumbi kuja kumshika mkono. "Fundi, wewe kiboko! Umemtoa Waziri jasho la meno!"

Gaudensi alibaki amesimama. "Mheshimiwa Mwenyekiti, nina swali la nyongeza. Watu wa Mkwezu je?"

Kelele zikapungua.

"Mheshimiwa Mkinga, kifungu hiki tumeshakipitisha. Na Kanuni zinakuruhusu kuulizia jimbo lako tu. La Mkwezu litaulizwa na mbunge wa Mkwezu."

"Mkwezu haina mbunge."

"Basi hakuna swali. Keti, Mheshimiwa."

Akaketi. Katibu akasoma kifungu kinachofuata, ununuzi wa vitanda.

*

Alitoka kabla ya kikao kwisha, akasimama kwenye maegesho ya magari, juani, bila kutafuta kivuli. Simu ilikuwa inamtetemeka mfukoni. Adelina.

"Kaka! Zimetua! Nane! Nne zimetua mbele ya kanisa, nesi anabadilisha kwa foleni, mimi wa kumi na saba! Unasikia vigelegele?"

"Nasikia."

"Mbona sauti hivyo? Unaumwa?"

"Nimechoka tu. Kaa kwenye foleni, Ade. Usimpe mtu nafasi yako."

"Nimpe nani tena, zinatosha watu wote! Umefanya kazi kaka, baba angekuwepo..." Vigelegele vikaimeza sauti yake, na simu ikakatika.

Ikaita tena papo hapo. Namba ngeni.

"Shikamoo Mheshimiwa. Samahani sana kwa usumbufu. Naitwa Ausi Nnunduma, muuguzi wa kituo cha Mkwezu. Namba yako nimeitoa kwenye kitabu cha wabunge."

Gaudensi hakuitikia shikamoo.

"Mheshimiwa, sisi hatuna mbunge. Lakini tumekuona kwenye luninga ulivyowapigania watu wako, na marehemu Namkopa alikuwa akikutaja hapa kama ndugu. Mzigo wetu ulikuwa umefika. Droni zilitua zote kwenye uwanja wa mpira, kina mama wakatandika khanga. Tukazisubiri zifunguke, sheria hairuhusu kuzilazimisha. Halafu zikawaka, zikanyanyuka, zikaondoka na mzigo wetu. Hatujui tumekosa nini. Tunaomba na sisi utuulizie."

"Ausi..."

"Wamekusanyika wote hapa nje, Mheshimiwa. Nimewaambia nakupigia. Ngoja niweke sauti kubwa wakusikie." Kukawa na mkwaruzo, kisha sauti ya Ausi kwa mbali: "Yuko hapa! Ni yeye mwenyewe!"

Wakampigia makofi. Yalikuwa makofi ya watu wengi wasio na nguvu, yaliyoanza kwa pamoja na kutawanyika haraka. Yalipokoma Gaudensi alisikia mlio mwingine, tiki tiki tiki, pampu za mikanda mia mbili zikifanya kazi uwanjani.

Angeweza kukata. Angeweza kusema atalifuatilia. Maneno hayo yalikuwa tayari mdomoni, laini, hayana uzito wowote.

"Hamjakosa kitu," alisema. "Mzigo wenu umepelekwa Ilolanga. Ni mimi niliyeomba. Vichujio havitoshi watu wote, na mashine ilichukua vyenu kwa sababu hamna wa kuwasemea."

Tiki tiki tiki.

Kisha sauti ya mwanamke, kavu, karibu na simu. "Wewe ulijua vinatoka kwetu?"

"Nilijua, mama."

"Kabla hawajavichukua?"

"Kabla."

"Una mtu wako kule Ilolanga?"

"Dada yangu."

 Mwanamke yule akamwuliza muuguzi, kama anayeuliza bei ya kitu, "Stoo vimebaki vingapi?"

"Thelathini na moja," Ausi alisema. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Haya. Tupange sasa hivi, tukiwa wote tuna akili zetu. Na wewe, Mheshimiwa, usikate simu. Kaa hapo hapo usikilize."

"Mama, nisameheni..."

"Sijakuita useme. Nimekwambia usikilize."

Gaudensi aliegemea mlango wa gari la mtu, bati likamchoma bega kupitia shati, hakusogea. Upande wa pili karatasi zilifunuliwa. Ausi akasafisha koo, akaanza kuita majina kutoka juu ya orodha, na kila aliyeitwa akajibu, "Nipo."